Yaya, Kwa Nini Uliwasha Boila Ile?

La Rochelle, Johannesburg
Juni 2018

Yaya Mugisho,

Baridi imerudi. Leo asubuhi maji ya ndoo niliyoiacha uani yalikuwa yameganda juu, nikalivunja lile ganda kwa ngumi wakati kikombe kingetosha. Ndivyo nilivyo wiki hii. Kanisani wananiambia mwaka tangu uondoke unakaribia kwisha, dada Nabintu, mwachilie kaka yako apumzike. Sijakuachilia. Nimeona afadhali hasira hii nikuletee mwenyewe, maana nusu yake ni yako.

Watanzania wa hapa mtaani bado wananicheka ninapokutaja. Kwao yaya ni mtu wa kulea watoto, si kaka mkubwa kama kwetu Bukavu. Zamani ulikuwa unawajibu kwamba hawajakosea, kwamba mimi umenilea kweli. Sasa nikicheka nao nachelewa kidogo, nao wanaona, wanabadilisha mazungumzo.

Chumba chetu ninacho bado. Kitanda chako nimekitoa, na mahali pake nimepanga mabomba, sanduku la spana na ile pampu ya zamani uliyokataa kuitupa. Kwaya ya ng'ambo ya barabara bado inafanya mazoezi kila Jumamosi na bado inaimba vibaya. Mama huko Bukavu anakohoa lakini anatembea. Na kazi sijaiacha. Wengi walidhani nitarudi saluni Rosettenville kusuka nywele, hata bosi wangu wa zamani aliniwekea kiti. Nilimshukuru, nikaenda Randburg kwenye boila zetu.

Unakumbuka uliponitoa kwenye kile kiti? Ulisema unahitaji vidole vyembamba vinavyojua subira, na kwamba msusi tayari ana nusu ya ufundi. Nyumba ya kwanza ilikuwa ile yenye mbwa watatu. Sikuwa nimewahi kuona nyumba yenye vyuma vya joto ukutani kila chumba. Hapa Joburg wengi tunaota hita ndogo ya umeme au tunavaa masweta mawili. Ulinifungulia mlango wa boila ukasema, "Petite, mdogo wangu, usiiogope. Ni sufuria kubwa tu. Inachemsha maji, pampu inayasukuma yazunguke vyumba vyote, yakipoa yanarudi. Sisi kazi yetu ni mbili: maji yazunguke, na moshi utoke."

Ukanifundisha kupapasa redieta, vile vyuma vya ukutani, kwa kiganja, kwamba ikiwa chini ni ya moto na juu ni baridi basi kuna hewa imenasa. Ukanipa ule ufunguo mdogo, nikafungua kidogo, hewa ikatoka kwa mluzi, halafu tone la maji meusi likanirukia usoni. Ulicheka hadi mwenye nyumba akaja kutazama. Ukanifundisha kusoma geji ya presha, kusafisha tope la kutu, kupiga brashi masizi mahali pa moto mara moja kwa mwaka kabla baridi haijaanza. Moto wa buluu ni mzima, ulisema, moto wa njano ni mgonjwa.

Lakini kabla ya yote hayo ulikuwa unaanzia nje. Kila nyumba. Ulizunguka kwanza nyuma ya ukuta kutazama mdomo wa bomba la moshi, watu wakikuchungulia dirishani wakidhani umepotea. Nyumba moja tulikuta njiwa ametaga ndani ya bomba na makinda yameshatoka. Ulikataa kuwasha boila. Yule mama mwenye nyumba alilalamika, akakukumbusha kwamba yeye ndiye anayeishi pale, si njiwa. Ukamwambia kwa upole kwamba utarudi makinda yakiruka. Alilala na mablanketi wiki nzima, nawe hukutetereka.

Hilo ndilo linaloniua, Yaya. Kwa makinda ya njiwa uliweza kukataa.

Nataka nikusimulie sasa mambo yalivyokwenda, kwa sababu wewe unajua mwanzo tu.

Alhamisi ile ya mwaka jana ulirudi kutoka kwa mteja wetu Bwana Gerrit umenuna. Ulinisimulia tukila. Alikuwa amejenga baraza jipya nyuma ya nyumba, wajenzi wake wakapitisha paa juu ya mdomo wa bomba la moshi, wakaufunika. Lile tundu la hewa la chumba cha boila nalo wameliziba kwa matofali, eti panya walikuwa wanapitia humo. Ulipowasha kujaribu, moto ulikuwa wa njano na masizi yameanza kupanda ukutani. Ulifunga gesi, ukafunga kitambaa chekundu kwenye vali, ukaandika kwenye kitabu chako cha kazi kwamba isiwashwe, na Bwana Gerrit akatia sahihi. Nilijivunia wewe, nakumbuka. Nikakuongezea ugali.

Ijumaa alikupigia simu. Nilikuwa karibu, nikamsikia. Alisema wageni wanakuja mwezi ujao, paa halibomolewi, na kama kazi imekushinda atawaambia rafiki zake wote watafute fundi mwingine. Ukamjibu atafute. Ukakata simu.

Jumamosi asubuhi ulinipa kipimo. Kile kidogo cha kupima hewa ya sumu inayotoka kwenye moto wa njano, ile isiyo na harufu wala rangi, ambacho tulikuwa nacho kimoja tu. Ulisema, "Chukua wewe, leo unakwenda peke yako kwa mara ya kwanza." Nikakichukua. Nilikivaa shingoni kama mkufu. Siku nzima, kwenye ile nyumba yangu ya kwanza, kilisoma sifuri, sifuri, sifuri, nami nikafurahi kama mjinga.

Saa nane mchana nilikupigia nikuambie nimemaliza. Simu iliita tu. Nikapiga tena nikiwa kwenye robot, taa za barabarani, pale njia panda, taa ikawa kijani, watu wakavuka, mimi nimesimama. Saa kumi aliyepokea hakuwa wewe, alikuwa polisi.

Sitaandika kuhusu kukutambua mochwari. Nitaandika kwamba nilikasirika hata pale, kwa sababu midomo yako ilikuwa myekundu kama ya mtu mwenye afya. Hewa ile ndivyo inavyofanya. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Mazishi yalijaa. Mchungaji alisema Mungu amependa, watu wakaitikia. Nilitoka nje nikasimama karibu na magari, maana ningebaki ningemwuliza mchungaji kama Mungu ndiye aliyeliziba lile tundu.

Kisha yakaanza maneno. Bwana Gerrit aliwaambia polisi kwamba fundi Mkongo alikuja akaichezea mashine asiyoijua, akajiua mwenyewe. Aliwaambia na rafiki zake. Ndani ya wiki mbili nyumba zikaanza kunipigia simu, kwa sauti nzuri nzuri, kwamba mwaka huu hawahitaji huduma. Kutoka nyumba kumi na saba nilibaki na nne. Na watu wetu, Yaya. Watu tunaosali nao. Mmoja alisema ulikuwa umelewa. Wewe, uliyekuwa unakunywa Fanta kwenye harusi.

Nilitafuta kitabu chako cha kazi nikakipata chini ya godoro. Ukurasa wa juu ulimpa Bwana Gerrit, lakini nakala ilikuwepo, na sahihi yake imetokea buluu chini ya maandishi yako: tundu limezibwa, bomba limefunikwa, gesi imefungwa, isiwashwe. Nilikwenda hadi kwenye geti lake. Sikukaribishwa. Alikuja akasimama upande wa pili wa vyuma, nikamwonyesha nakala, nikamwambia yeye ndiye aliyewasha, ulimkuta ameiwasha, ukaingia kuizima. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Nilikuwa na hakika kabisa. Alinitazama akasema, kwa utulivu ambao sitausahau, "Siku ile mimi sikuwepo mjini. Kaka yako ndiye aliyewasha." Akarudi ndani.

Nilimwita mwongo hadi majirani wakatoka.

Mkaguzi wa gesi naye alinirudisha pale pale. Alikuwa mzee mpole, alisoma nakala yako mara mbili, akasema kaka yangu aliandika vizuri. Halafu akauliza: huyu aliyefunga, na kitambaa akafunga, nani alikifungua? Nilitoka pale nikiwa na hasira na mkaguzi, hasira na Gerrit, hasira na ile karatasi.

Aliyenipa jibu ni Mama Nomsa. Unamjua, yule anayefanya kazi za ndani kwa Gerrit na kumtunza mama yake mzazi, yule bibi wanayemwita Ouma. Alinisubiri nje ya spaza, lile duka dogo karibu na stendi ya teksi, kanga ya kanisa kichwani, akaniambia ana neno. Tuliketi kwenye kreti za soda. Alilia kwanza. Mimi sikulia, nilisubiri.

Alisema Bwana Gerrit alisafiri kwenda pwani Ijumaa jioni na mkewe. Baridi ile ya Jumamosi unaikumbuka, upepo ulikuwa unakata. Hita moja ya umeme waliyokuwa nayo iliungua plagi. Mama Nomsa alimfunika Ouma kwa kila blanketi lililokuwepo, akamwekea chupa za maji ya moto miguuni, lakini bibi aliendelea kutetemeka, midomo ikageuka rangi, akaanza kumwita marehemu mume wake. Alipiga simu ya gari la wagonjwa, akaambiwa asubiri. Akampigia Gerrit. Gerrit akamwambia, mwite yule Mkongo awashe, ni kazi yake.

Akakupigia. Nawe ukaenda.

Alisema ulifika ukasimama mlangoni mwa chumba cha Ouma, ukamtazama muda mrefu, ukamgusa mkono. Ukamwuliza Mama Nomsa ana miaka mingapi. Kisha ukaomba nyundo. Ulivunja matofali mawili ya lile tundu, mengine yakakataa, sementi ilikuwa mpya. Ulimwambia hayo mawili yatatosha kwa saa moja tu, hadi chumba cha bibi kipate joto au gari lifike, na kwamba utakaa hapo hapo mkono kwenye vali, ukiona moto umebadilika utafunga. Ukafungua kitambaa chako mwenyewe.

Halafu akaniambia la mwisho. Ulimwomba taulo lililoloweshwa maji. Ukaingia chumba cha boila, ukafunga mlango unaoelekea jikoni, ukaziba kwa taulo upenyo wa chini ya mlango, kwa ndani, ili hewa mbaya ikitokea isiwafikie wao.

Ulifunga mlango, Yaya, ukiwa upande usiofaa.

Alikuletea chai baada ya saa moja. Aligonga. Chumba cha Ouma kilikuwa kimeshapata joto, bibi amelala usingizi mzuri.

Nilinyanyuka kwenye kreti nikamwacha Mama Nomsa pale. Nilitembea sijui umbali gani. Nilikuwa natukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Mashi, watu wakinipisha njia. Nilimtukana Gerrit, lakini zaidi nilikutukana wewe. Ungembeba yule bibi ukamweka jua la bustanini. Ungempeleka chumba cha Mama Nomsa, ni kidogo, kingepata joto kwa birika moja. Ungegonga kwa jirani. Ungenipigia mimi. Nilikuwa upande wa pili tu wa Randburg, na kipimo kikiwa shingoni mwangu, kikisoma sifuri kwenye nyumba isiyo na tatizo lolote! Nusu saa, ningekuletea. Kingelia kabla hujasinzia. Kwa nini hukunipigia? Hukutaka kuniharibia siku yangu ya kwanza? Ni hilo? Niambie kwamba si hilo.

Wewe uliyeniambia mara mia kwamba macho hayaioni hewa ile, ukaenda kuilinda kwa macho.

Mama Nomsa alirudi kunitafuta. Alisema kama nataka, ataongea na mkaguzi, ingawa anajua atafukuzwa. Nilimwambia sitaki kitu chake. Siku mbili baadaye alikwenda mwenyewe bila kuniuliza. Akaeleza yote, na ile simu ya Gerrit pia. Mkaguzi aliandika kwamba chanzo ni paa lililofunika bomba na tundu lililozibwa, na kwamba mwenye nyumba alikuwa ameonywa kwa maandishi akatia sahihi. Aliandika pia kwamba fundi aliiwasha mwenyewe akijua. Yote mawili yako kwenye ukurasa mmoja. Nimeusoma hadi karatasi imelegea.

Gerrit hakufungwa. Aliwalipisha wajenzi wake, akang'oa boila, akauza nyumba. Hajawahi kunitamkia pole. Mama Nomsa alifukuzwa wiki ile ile, akarudi Alexandra kwa binti yake. Ouma alipelekwa kwenye nyumba ya kutunza wazee. Nakala ya ripoti niliipeleka kwenye kila nyumba iliyoniacha, nikagonga, nikawaambia wasome nikiwa nimesimama. Wengine walisoma wakanirudisha kazini. Wengine waliniambia niiache mezani. Leo nina nyumba tisa.

Mwezi uliopita Mama Nomsa alinipigia. Huwa anakwenda kumwona Ouma, hata baada ya yote. Alisema bibi anauliza mara kwa mara kuhusu yule mtu wa joto. Mwanawe amemwambia mashine iliharibika yenyewe. Hajui kwamba ulikufa.

Nikamwambia nitakuja. Nilikuwa na maneno ya miezi kumi na moja, nimeyapanga vizuri. Nilitaka mtu mmoja wa nyumba ile ayasikie yote.

Tulimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, mdogo kama mtoto, blanketi magotini. Anaongea Kiafrikaans, Mama Nomsa akawa anatafsiri. Alinishika mkono akafurahi kuniona, akasema siku ile alikuwa anakufa kwa baridi na chumba kikapata joto, hajawahi kumshukuru yule kijana. Nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia tundu lilizibwa na nani, nani aliyesafiri, nani aliyebaki, na kwamba yule kijana alitolewa mle ndani wakati yeye amelala. Mama Nomsa alisita kutafsiri, nikamwambia atafsiri.

Bibi akauliza jina lako. Akalijaribu, akakosea, akaniomba nirudie, akakosea tena. Mara ya tatu akalisema sawasawa. Mugisho. Baada ya hapo akalivuta blanketi kutoka magotini pake akalidondosha sakafuni. Mama Nomsa akaliokota, bibi akalisukuma. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, dirisha lilikuwa linapitisha upepo, naye anatikisa kichwa hataki.

Nilikuwa nimekwenda kumgombeza, Yaya. Nilichukua lile blanketi mwenyewe, nikapiga magoti, nikamfunika, nikalibana kila upande chini ya mapaja yake ili asilitoe tena. Aliposukuma nilimshika mikono yote miwili nikaipasha kati ya viganja vyangu hadi akatulia. Sikufikiri. Mikono yangu ilikwenda yenyewe.

Hapo nikakuelewa. Na nilipokuelewa nilikasirika zaidi, kwa sababu nilikuwa nimejipanga kukuona mpumbavu maisha yangu yote, na sasa hata hilo siwezi.

Basi sikia ahadi yangu. Boila nitakayoifunga itabaki imefungwa. Akitetemeka mtu mbele yangu nitambeba mgongoni nimtoe nje ya nyumba, nitagonga mlango wa kila jirani, nitalala naye kitanda kimoja nimpashe kwa mwili wangu, lakini sitawasha. Mama nitamweleza ukweli, na nitamweleza mimi, si mchungaji. Hadi leo anaamini ulikufa kwa ugonjwa wa moyo. Nimekata tiketi, nakwenda Bukavu kazi ya baridi ikipungua, nitaketi naye jikoni nimsimulie kuanzia Alhamisi.

Sasa naenda kazini, nyumba ya kwanza ni saa tatu. Kwaheri, kaka yangu. Nakuaga bila kukusamehe, na usinione mbaya. Siku nitakayokusamehe itakuwa nimekubali kwamba ulikwenda pale kwa hiari yako, na kwamba ungekwenda tena.

Mdogo wako,
Nabintu